Mradi wa Kikundi Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Hatua kwa Hatua Hadi Siku ya Kuonyesha

Mnapangwa watu watano msiojuana. Mmoja katoka sekondari ya Ilboru, mwingine ya Msalato, wa tatu kapitia diploma na kulehemu anakujua vizuri, wa nne hajawahi kushika bisibisi, wa tano hata namba yake ya simu hamna. Mnapewa karatasi ya kurasa mbili, wiki nane, na agizo la kuja na kifaa kinachofanya kazi. Fizikia mmeisoma tangu sekondari, lakini kujenga kitu kimoja mkiwa watu watano hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Nimekaa na vikundi vingi vya mwaka wa kwanza, na ninachokiona kinajirudia. Ni nadra mradi kufa kwa sababu wanafunzi hawana akili. Unafia kwenye maungio: pale sensa ya huyu inapokutana na programu ya yule, ndani ya boksi alilotengeneza mwingine. Kila kipande kinafanya kazi vizuri mezani kwa mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha ndipo vinapokutanishwa kwa mara ya kwanza, na usiku huo haumtoshi mtu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo moja: kuunganisha mapema, watu kwanza, vipande baadaye.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kifaa cha kuonya simtanki likikaribia kujaa na kuzima pampu chenyewe. Aliyeishi Dar es Salaam kwenye mtaa wa maji ya mgao analijua tatizo. Maji yanafunguliwa usiku, pampu inawashwa, watu wanapitiwa na usingizi, asubuhi ua mzima umelowa na bili imepanda. Ni mradi unaofaa mwaka wa kwanza kwa sababu una umeme kidogo, programu kidogo, ufundi wa mikono, na mtu halisi wa kumsaidia.

Hatua ya 1: Someni karatasi ya mradi pamoja

Kaeni wote, mmoja asome kwa sauti, wengine wapige mstari chini ya kila kitenzi. "Buni", "pima", "linganisha" na "eleza" ni kazi nne tofauti, na kila moja ina alama zake. Kisha tazameni mgawanyo wa alama. Tuseme ripoti ina alama 40, kifaa 30, uwasilishaji 15 na daftari la kumbukumbu 15. Kikundi kinachotumia wiki saba kwenye kifaa na siku mbili kwenye ripoti kimekwisha kuamua kupoteza alama, ingawa hakijui.

Maswali yatakayobaki, mpelekeeni mhadhiri kwa maandishi, yote kwa pamoja, ndani ya wiki ya kwanza. Je, kifaa kitumie betri au kinaweza kuchomekwa ukutani? Vifaa vya kuazima vinahesabiwa kwenye bajeti? Jibu lililoandikwa halisahauliki na halileti ubishi.

Hatua ya 2: Andikeni makubaliano ya kikundi

Mfaransa Maximilien Ringelmann, aliyekuwa mtaalamu wa uhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, kadiri watu walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Wakiwa wanane, kila mtu alikuwa akitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na watafiti waliokuja baadaye walionyesha kuwa sehemu nyingine hutokana na mtu kulegea akijua wapo wenzake. Kwa hiyo msishangae mkiona hali hiyo kwenu. Jiandaeni nayo.

Nusu ukurasa unatosha. Andikeni mtakutana lini na wapi, anayechelewa atatoa taarifa kabla ya saa ngapi, uamuzi utapitishwaje mkigawanyika, kila mmoja atachanga kiasi gani na kwa tarehe ipi, na mtafanya nini mtu akikosa vikao viwili mfululizo. Wekeni sahihi wote. Kipengele hicho cha mwisho kiandikeni sasa hivi, wakati hakuna aliyekosa, kwa sababu baadaye kitaonekana kimemlenga mtu.

Kisha gawaneni majukumu. Mratibu anaitisha vikao na kukumbusha tarehe. Mtunza kumbukumbu anaandika kilichoamuliwa na nani atakifanya. Mweka hazina anashika pesa na risiti. Mimi huongeza jukumu la nne ambalo vikundi vingi hawana: msimamizi wa maungio. Kazi yake ni kujua kila mahali ambapo kipande cha mtu mmoja kinagusana na cha mwingine, na kuuliza kila wiki kama bado vinapatana.

Hapa nina neno moja ninalolisema kwa uzito. Mara nyingi kikundi kikiwa na msichana mmoja, anajikuta mtunza kumbukumbu bila hata kuulizwa, na koleo zinabaki mikononi mwa wavulana hadi mwisho wa semista. Anamaliza kozi hajalehemu hata waya mmoja. Hiyo ni dhuluma, na kikundi nacho kinapoteza fundi. Badilishaneni majukumu katikati ya mradi, na hakikisheni kila mtu ameshika kila chombo walau mara moja. Yule wa nne ambaye hajawahi kushika bisibisi anahitaji nafasi hiyo hiyo.

Na kuhusu lugha: bishaneni kwa Kiswahili. Ripoti itaandikwa kwa Kiingereza, lakini wapo wanaonyamaza kikaoni kwa kuogopa Kiingereza chao huku wana wazo zuri kuliko wote. Elewaneni kwanza, tafsiri itafuata.

Hatua ya 3: Nendeni mkalione tatizo

Msilitatue mkiwa kitandani hosteli. Nendeni kwenye nyumba yenye simtanki, pandeni mnarani kwa ruhusa, pimeni. Kutoka mdomo wa tangi hadi bomba la kupitisha maji yaliyozidi ni sentimita ngapi? Waya utapita wapi? Jua linapiga upande gani? Mwulizeni mama mwenye nyumba, au mlinzi anayeamka usiku kuzima pampu, maana huyo ndiye mtumiaji wenu. Anaweza kuwaambia jambo ambalo hamkulifikiria, kwa mfano kwamba king'ora cha usiku kitawaudhi majirani, afadhali taa.

Mkirudi, geuzeni mliyoyasikia kuwa masharti yanayopimika. "Kifaa kiwe imara" halipimiki. Haya yanapimika:

- kitoe onyo maji yakibakiza sentimita 10 kufika kwenye bomba la ziada;
- kizime pampu ndani ya sekunde 2 baada ya maji kufika alama ya juu;
- kionyeshe kiwango cha maji wakati wote, kwa kosa lisilozidi sentimita 1;
- gharama yote isizidi kiasi mlichochanga.

Kwa usalama, mtafanya kazi na mfano mdogo: ndoo ya lita 20 badala ya tangi, na pampu ndogo ya volti 5 badala ya ile ya nyumbani. Umeme wa ukutani ni volti 230 na unaua. Karibu na maji, mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hauna nafasi. Kikundi kikiona lazima kiuguse, kimfuate fundi wa maabara kwanza na kisubiri ruhusa yake.

Hatua ya 4: Chagueni wazo kwa hesabu

Kabla ya mtu yeyote kusema, kila mmoja achore mawazo matatu kwenye karatasi yake kwa dakika 15, kimya. Mkianza kwa kuongea, wazo la mwenye sauti kubwa ndilo litakaloshinda, na wengine wataanza kulipamba.

Kisha tengenezeni jedwali la maamuzi. Wekeni vigezo na uzito wa kila kigezo kabla ya kutoa alama. Mkishajua alama, kila mtu atavuta uzito upande wa wazo lake. Tuseme mmebaki na mawazo matatu: boya lenye swichi, nyaya mbili zinazoguswa na maji, na sensa ya mwangwi aina ya HC-SR04, ile yenye macho mawili, inayotuma sauti isiyosikika na kupima muda wa kurudi kwake. Alama ni 1 hadi 5.

| Kigezo | Uzito | Boya | Nyaya | Mwangwi |
|---|---|---|---|---|
| Gharama ndogo | 3 | 4 | 5 | 3 |
| Uimara kwenye unyevu | 4 | 4 | 2 | 3 |
| Urahisi wa kutengeneza | 3 | 4 | 5 | 3 |
| Jumla | | 40 | 38 | 30 |

Boya linaongoza kwa jedwali hili. Nyaya zimepewa 2 kwenye uimara kwa sababu mkondo wa betri ukipita kwenye maji muda mrefu hula chuma cha waya mmoja. Lakini rudini kwenye masharti yenu: mliandika "kionyeshe kiwango wakati wote". Sharti hilo halimo kwenye jedwali. Liongezeni kwa uzito wa 4, boya lipate 1, nyaya 2, mwangwi 5. Sasa boya lina 44, nyaya 46, mwangwi 50. Uamuzi umepinduka kabisa, na hakuna aliyebadilisha mawazo. Ni sharti moja tu lililokuwa limesahaulika. Jedwali hili liwekeni kwenye ripoti kama lilivyo, pamoja na maelezo ya jinsi lilivyobadilika. Msahihishaji anataka kuona mlivyofikiri.

Hatua ya 5: Gawaneni kazi, kisha andikeni karatasi ya maungio

Hii ndiyo hatua ninayoiomba mwisome mara mbili.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya kupita kwa miguu yaliyoning'inizwa juu ya ukumbi yalianguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Walikufa watu 114. Katika mchoro wa awali, fimbo ndefu za chuma zilishuka kutoka darini na kubeba daraja la ghorofa ya nne na lile la ghorofa ya pili, kila moja likishika kwenye fimbo yenyewe. Wakati wa kutengeneza, fimbo moja ndefu ikabadilishwa kuwa mbili fupi: ya kwanza kutoka darini hadi daraja la juu, ya pili kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwenye karatasi inaonekana ni jambo dogo. Lakini sasa daraja la chini lilikuwa limening'inia kwenye la juu, na ungio lililo chini ya boriti za daraja la juu likabeba karibu mara mbili ya uzito uliokusudiwa. Mabadiliko yalipita kati ya mtengenezaji na wahandisi pasipo ungio hilo kupigiwa hesabu ipasavyo.

Miaka 18 baadaye, Septemba 1999, chombo cha Mars Climate Orbiter cha shirika la NASA kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi. Programu ya timu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya pauni, programu ya timu nyingine ikazipokea kama nyutoni. Kila timu ilikuwa na wataalamu. Tatizo lilikuwa katikati yao.

Kwa hiyo, mkishagawana kazi (mmoja sensa, mmoja pampu na umeme wake, mmoja programu, mmoja boksi, mmoja vipimo na ripoti), chukueni karatasi moja na muandike kila mahali vipande vinapogusana. Kwa mfano wetu itasomeka hivi:

*Sensa na bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoendesha programu):* nyaya nne. Volti 5, GND (waya wa sifuri), waya wa Trig (unaoamuru sensa itume sauti) kwenye pini 9, waya wa Echo (unaoleta jibu la mwangwi) kwenye pini 10. Urefu wa waya sentimita 40.

*Bodi na pampu:* pini 7 inaendesha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Pampu haichukui umeme kwenye pini ya bodi. Ina betri zake. Waya hasi wa betri za pampu unaungwa na GND ya bodi iwapo saketi ya kuendeshea pampu inauhitaji. Msimamizi wa maungio aulize.

*Sensa na boksi:* matundu mawili ya duara kwenye mfuniko. Mwenye boksi apime macho ya sensa yenyewe kwa kalipa, asikate kwa kutazama picha ya intaneti.

*Vipimo:* urefu wote ni kwa sentimita, muda kwa mikrosekunde ndani ya programu. Umbali unapimwa kutoka uso wa sensa kwenda chini, na kiwango cha maji kutoka sakafu ya ndoo kwenda juu.

Mstari huo wa mwisho unaonekana wa kitoto. Lakini nimewaona wanafunzi wenye akili sana wakiwa na pampu inayowaka ndoo ikijaa na kuzimika ndoo ikikauka, kwa sababu aliyeandika programu alichukulia namba kubwa kuwa maji mengi, na aliyefunga sensa alijua namba kubwa ni maji machache. Kila mmoja alikuwa sahihi kwenye kipande chake.

Kipengele chochote kikibadilika, karatasi inabadilishwa siku hiyo hiyo, inawekwa tarehe, na picha yake inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Makubaliano ya mdomo koridoni hayahesabiki.

Hatua ya 6: Pangeni kalenda mkianzia mwisho

Andikeni tarehe ya kuonyesha, kisha rudini nyuma. Wiki ya mwisho ni ya mazoezi na ripoti, hakuna kujenga. Wiki moja kabla yake ni ya kurekebisha. Wekeni humo mitihani ya katikati ya semista, tarehe ambayo bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) linatarajiwa na siku linapochelewa, na Jumamosi ya kwenda Kariakoo kununua vifaa. Nairobi wenzenu watakwenda Luthuli Avenue.

Kuhusu manunuzi: nendeni wawili, ulizeni bei maduka matatu, chukueni risiti hata ya kuandikwa kwa mkono. Vitu vya bei ndogo vinavyoungua haraka, kama sensa na rilei, nunueni viwili viwili. Tengeni walau sehemu moja ya tano ya pesa kwa ajili ya kitakachoharibika, kwa sababu kitaharibika.

Hatua ya 7: Wiki ya tatu muwe na kifaa kibaya lakini kizima

Kizima maana yake kinafanya safari yote: kinapima maji, kinaamua, kinazima pampu. Kibaya maana yake boksi ni la kadibodi, nyaya zimechomekwa kwenye bredibodi bila kulehemiwa, na sensa imeshikiliwa kwa tepu. Kikundi chenye kifaa cha namna hii wiki ya tatu kina wiki tano za kukiboresha. Kikundi chenye boksi zuri lililopakwa rangi na sensa ambayo haijawahi kuzungumza na pampu hakina chochote bado.

Jengeni kwa mpangilio huu. Kwanza sensa peke yake: iwekeni mbele ya ukuta, pimeni kwa rula, tazameni namba kwenye kompyuta. Kisha rilei peke yake, iwake na kuzima kila sekunde 2, bila pampu. Kisha pampu peke yake kwenye betri. Kisha sensa na rilei. Pampu iingie mwisho. Kitu kikigoma, mnajua ni kile mlichoongeza dakika iliyopita, na hamhitaji kufumua kila kitu.

Matatizo haya matatu mtayakuta, karibu nina hakika.

Bodi inajizima na kujiwasha kila pampu inapoanza. Pampu inavuta mkondo mkubwa inapoamka, volti inashuka, bodi inazirai. Tenganisheni betri. Pini ya Arduino Uno inashauriwa isitoe zaidi ya miliampia 20, na pampu ndogo inahitaji mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana rilei ipo. Mkitumia transista (swichi ndogo ya kielektroniki) badala ya rilei, wekeni dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na pampu, ikielekea kinyume cha mkondo, la sivyo mshtuko wa volti pampu inapozimwa utaiua transista.

Transista haiitikii kabisa ingawa kila kitu kiko sawa. Angalieni kama waya hasi wa betri za pampu na GND ya bodi vimeungwa. Vyanzo viwili vya umeme vinavyotakiwa kuelewana lazima viwe na sehemu moja ya sifuri. Kosa hili linakula saa nyingi za wanafunzi kuliko jingine lolote ninalolijua.

Betri ya volti 9, ile ya mstatili, inachoka kabla hata hamjamaliza jaribio. Haikutengenezwa kwa mota. Tumieni betri nne za AA kwa ajili ya pampu, na bodi ipate umeme kwa waya wa USB.

Kila mara kifaa kikikubali, pigeni picha ya nyaya zote na mhifadhi nakala ya programu yenye tarehe kwenye jina la faili. Kesho mtu ataichomoa waya moja "kujaribu kitu", na mtahitaji kurudi jana.

Hatua ya 8: Pimeni hadi mpate kosa

Chorea ndoo alama kila sentimita 5 kwa kalamu isiyofutika. Jazeni maji hadi kila alama, chukueni vipimo kumi, andikeni vyote kumi, hata vile visivyopendeza. Kisha tafuteni sababu ya tofauti.

Hapa mradi mdogo unageuka kuwa uhandisi. Programu nyingi za mfano zinagawa muda wa mwangwi kwa 58 ili kupata sentimita. Namba hiyo inatokana na kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya hewa ya nyuzi joto 20. Dar es Salaam mchana ni nyuzi 30 au zaidi, na kwenye nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Tofauti ni kama asilimia 2. Kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 35 ni milimita 6 hadi 7, bado mko ndani ya sharti lenu la sentimita 1. Kwenye tangi la kina cha sentimita 100 ni karibu sentimita 2, na mmelivunja. Mkiandika aya hii moja kwenye ripoti, ikiwa na vipimo vyenu wenyewe, mmeonyesha kwamba mnaelewa mfano mdogo unatofautiana wapi na kitu halisi.

Jaribuni pia maji yakiwa yanatikisika, sensa ikiwa karibu na ukuta wa ndoo (sauti inatawanyika na kugonga kando), na mvuke ukiwa umeganda kwenye macho yake. HC-SR04 haipendi unyevu. Semeni wazi kwamba kwa tangi la kweli mngechagua aina isiyopitisha maji.

Halafu chomoeni waya wa sensa pampu ikiwa inafanya kazi. Nini kinatokea? Kama pampu inaendelea, kifaa chenu ni hatari kuliko kutokuwa nacho, maana mwenye nyumba amelala akikiamini. Andikeni programu ili ikikosa jibu la sensa, izime pampu na kuwasha taa nyekundu.

Hatua ya 9: Mwenzenu akipotea

Karibu kila kikundi kinaye. Kabla ya kumhukumu, mratibu amtafute ana kwa ana, asimwandikie mbele ya kundi zima. Maneno yawe ya kawaida: "Ndugu yangu, tumekukosa Jumanne na Alhamisi. Uko salama? Kuna kitu kinakukwaza ambacho tunaweza kusaidia?" Wengine wanakaa mbali na nauli imewaishia. Wengine hawana kompyuta na wanaona aibu kusema. Wengine wanadhani hawajui chochote na wanaogopa kuonekana. Mpeni kazi ndogo iliyo wazi, yenye tarehe, ambayo anaweza kuimaliza peke yake: "Tuletee vipimo vya ndoo vya alama zote ifikapo Ijumaa saa kumi."

Akiendelea kupotea, nendeni kwa mhadhiri na kumbukumbu za vikao mkononi, katikati ya semista. Malalamiko yanayoletwa baada ya matokeo hayasaidii mtu. Na mkipewa fomu ya kutathminiana, andikeni ukweli. Kumpa kila mtu alama sawa kwa kuoneana haya ni kumnyima haki aliyekesha.

Hatua ya 10: Ripoti

Ianzeni wiki ya pili. Sehemu ya tatizo na masharti mnayo tayari tangu Hatua ya 3, jedwali la maamuzi tangu Hatua ya 4. Kila mtu aandike sehemu aliyoifanya, kisha mmoja, na awe mmoja tu, apitie yote ili isomeke kama kazi ya mkono mmoja. Ripoti ya vipande vitano vilivyobandikwa inajulikana kwa kuitazama tu: sensa ina majina matatu, michoro ina namba zinazogongana.

Msipige desa la mwaka jana. Vyuo vingi vina programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na hata isingekuwepo, vipimo vya ndoo ya wenzenu si vya ndoo yenu.

Hatua ya 11: Siku ya kuonyesha

Fanyeni mazoezi mara tatu mkiwa mmesimama, mkitazama saa. Katika zoezi la mwisho, kila mmoja aeleze sehemu ya mwenzake, kwa sababu wasahihishaji wengi humwuliza aliyeandika ripoti jinsi rilei inavyofanya kazi. Ikiwa hawezi kujibu, wataona kikundi hakikuwa kikundi.

Begi la siku hiyo: betri mpya, sensa ya akiba, bisibisi, koleo, tepu, kitambaa cha kufutia maji, na video ya kifaa kikifanya kazi ikiwa kwenye simu mbili tofauti. Umeme unaweza kukatika, projekta inaweza kugoma. Fikeni mapema mjaze ndoo, maana bomba la jengo hilo huenda likawa kavu.

Mkiulizwa kitu msichokijua, semeni hamjakipima na mweleze mngekipima vipi. Mkiulizwa kwa nini hamkutumia boya lililo rahisi, mna jedwali.

Baada ya hapo rudisheni mlivyoazima maabara, gawaneni pesa iliyobaki mbele ya wote kwa risiti, na kila mmoja abaki na nakala ya daftari la kumbukumbu, picha na vipimo. Mtavihitaji wakati wa kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo mwishoni mwa mwaka, pale mwajiri atakapouliza umewahi kujenga nini. Na mkihitimu na kuingia kwenye SEAP, mpango wa miaka 3 wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi unaomwandaa mhitimu kusajiliwa, mtatakiwa kuandika kazi zenu kwa utaratibu huu huu. Bodi ya Arduino msiivunje mkagawana: mpeni atakayeendelea na mradi, na muandike nani anayo.